Naamani na Maji ya Malindi

Aprili iliyopita tulibatiza watu saba kwenye kijito kilicho chini ya mashamba ya kahawa, hapa Karurumo, Embu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Kila aliyezamishwa aliinuka na kanzu nyeupe iliyoingia udongo mwekundu kifuani na mikononi, akalia, akakumbatiwa, akafunikwa shuka. Shemeji yangu, aliyetoka Mombasa kuja kushuhudia mpwa wake akibatizwa, alikuwa amesimama ukingoni viatu mkononi. Ibada ilipokwisha akaninong'oneza, "Shemeji, si mngengoja kidogo maji yasafike? Mtoto mnambatiza kwenye tope?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake nilikuwa nimelisikia kwa miaka kumi na mitatu, kwa Kiitaliano, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na kila nilipolisikia lilikuwa limebeba jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine pia.

Nilifika Malindi 1996 nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, nikaajiriwa kutunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya ufuoni. Niliondoka 2009. Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Nilichota maji ya bwawa kwa kichupa chenye vyumba viwili, nikadondosha dawa, nikakiinua kwenye taa nilinganishe rangi na kipimo kilichochapwa ubavuni: manjano kwa klorini, nyekundu kwa asidi. Klorini ilitakiwa iwe kati ya 1 na 3 katika milioni, kipimo cha asidi kati ya 7.2 na 7.8. Niliandika tarakimu hizo kwenye daftari. Halafu nilikwenda kwenye ubao uliokuwa karibu na ngazi za kushukia ufuoni, nikaandika kwa chaki saa za maji kujaa na kupwa, ili wageni wajue wakati wa kuogelea na wakati wa kutembea hadi kwenye miamba.

Kwa miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeniuliza tarakimu za daftari. Walitazama ubuluu, na sehemu kubwa ya ubuluu ule ilikuwa ya vigae. Chota maji yaleyale kwa kikombe cheupe uone kama yana rangi yoyote. Walinusa pia. Ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji; bwawa linalonuka hivyo ndilo linaloomba kuhudumiwa. Lakini nimeona wazazi wakivuta pumzi, wakaridhika kwamba hapa pamesafishwa, wakawaruhusu watoto waingie.

Ng'ambo ya ukuta ilikuwa bahari, na bahari ya Malindi ina habari yake. Mto Sabaki humwaga maji kilomita chache kaskazini ya mji. Ndio Athi uleule, ambao njiani huitwa Galana. Unatoka nyanda za juu upande wa Nairobi, unapita Ukambani na Tsavo, na kila mvua unabeba udongo. Kusi ikivuma, mkondo hulisukuma tope kaskazini, mbali na mji. Kaskazi ikiingia, tope hugeukia kusini na kuuvaa ufuo wa Malindi. Na kaskazi ndiyo miezi ya wageni, Disemba hadi Machi. Mtu ametoka Milano kwa ndege, amelipa, amelala, anaamka asubuhi ya kwanza na kuvuta pazia, anakutana na bahari yenye rangi ya kakao. Wengine walihamia Watamu siku hiyohiyo, kiasi cha kilomita ishirini tu kusini, wakalipa zaidi, kwa ajili ya rangi.

Siwacheki. Macho ndiyo mizani ya kwanza aliyopewa binadamu, na mgeni wa wiki moja hana mizani nyingine. Lakini nimeona mizani hiyo ikipima kinyume. Mwanzoni mwa 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Niño, bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka pwani nzima ya Kenya. Matumbawe yaliyopauka ni meupe kama chokaa. Yamewapoteza viumbe wadogo wanaoyapa rangi na chakula, na joto lisipopungua yanakufa. Mama mmoja alirudi kutoka kwenye mashua ya kioo katika hifadhi ya bahari ya Malindi, ile iliyotengwa 1968, uso umemng'aa. Aliniambia hajawahi kuona weupe mzuri namna ile chini ya maji. Alikuwa ametazama msiba akaona bustani. Nilimwambia, "Nimefurahi umefurahia."

Kisha kuna mwani. Kusi inapopiga, bahari hutapika nyasi zake ufuoni, chungu nzima, kahawia na nyeusi, zikioza juani. Wageni walizichukia kuliko kitu chochote. Kwenye fomu ya maoni, palipoandikwa "Bahari na ufuo" na nyota tano za kujaza, mwani ulishusha nyota hadi mbili. Basi tuliamshwa kuuzoa kabla ya alfajiri kwa reki na toroli. Wavuvi walitutazama wakatikisa vichwa, maana nyasi zile hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, huficha vidudu wanaoliwa na ndege, na zikirudi majini huwa chakula. Mahali tulipozoa sana, mchanga ulipungua mpaka mizizi ya minazi ikabaki wazi. Uchafu tulioufagia ulikuwa afya ya ufuo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikulisema.

Mwaka mmoja, mwisho wa ufuo wetu, penye miamba, palizuka chemchemi ndogo. Bahari ilipokupwa ungeyaona maji yake yakibubujika kati ya mawe, baridi, maangavu, ukaweza kuhesabu punje za mchanga chini yake. Watoto wa wageni walipapenda. Walijenga vibwawa vya mchanga, wakakaa ndani, wakarushiana maji usoni. Wazazi waliwapiga picha.

Fundi wa mabomba alipatilia shaka. Jumatatu usiku alimwaga rangi ya kijani kwenye tangi la maji taka la hoteli. Jumatano alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, tulikwenda na tochi, yeye na mimi. Kati ya mawe palikuwa pakitoka kijani. Mwamba wa pwani ni matumbawe ya kale, una matundu kama sifongo. Unachokizika ndani yake hakikai mahali ulipokizika. Tulisimama pale bila kusema neno. Kufikia jua kuchomoza bahari ilikuwa imeanza kupanda ikafunika kila kitu, na kesho yake rangi ilikwisha, maji yakarudi kuwa maangavu kama awali.

Fundi alitoa taarifa kwa mkubwa wa kazi. Akaambiwa tangi litatengenezwa msimu ukiisha. Mchana watoto walirudi kwenye chemchemi. Nami nilipita na taulo zangu begani, nikawatazama, nikanyamaza. Nilikuwa na karo ya mdogo wangu ya kulipa na sikutaka kufukuzwa. Wiki ile nilipokusanya fomu za maoni nilizisoma moja moja: nyota tano, nyota tano, nyota tano.

Jambo lile lilininyima usingizi, nikalipeleka kwa maalim mmoja wa mji wa kale, mzee aliyekuwa akinikaribisha barazani kwake kila Ijumaa jioni kwa kahawa chungu, ingawa alijua mimi ni Mkristo tena mtu wa bara. Nilimwamkia, "Shikamoo maalim." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, leo uso wako umebeba nini?" Nikamweleza yote.

Alinyamaza kitambo. Kisha akanifundisha fikihi ya maji kama inavyosomwa na Mashafii, ambao ndio Waislamu wengi wa pwani yetu. Maji mengi, yaliyofika kullatain, yaani lita 200 hivi, yakiingiwa na najisi hayanajisiki mpaka ibadilike moja kati ya sifa tatu: rangi, ladha au harufu. Maji machache yakiguswa na najisi yamenajisika, hata kama hakuna kilichobadilika machoni. Na maji yaliyogeuka rangi kwa udongo wa njia yake, au kwa kuvu la kukaa, yamebaki kuwa tohara. Mtu atawadhe na aswali. Bahari nayo, Mtume mwenyewe aliulizwa juu yake na watu waliokuwa wakisafiri majini, akawatoa shaka kuwa maji yake yanatoharisha.

"Kwa hiyo maalim," nikamuuliza, "lile tope la Sabaki wanalolikimbia Wazungu ni safi?"

"Kwa udhu, ndiyo."

"Na chemchemi yetu?"

Aliweka kikombe chini. "Hapo mwanangu usichanganye. Tohara ni jambo moja, madhara ni jambo jingine. Dini yetu inamkataza mtu kudhuru na kudhuriwa. Asiyejua hana lawama, kwani asili ya maji ni usafi mpaka ujue vingine kwa yakini. Mzazi anayempiga picha mwanawe pale hana kosa. Lakini wewe yakini unayo. Uliiona ikiwa ya kijani."

Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo. Nilikwenda nikidhani swali ni kama maji yale ni safi au machafu. Maalim aliligeuza likawa swali la nani anajua.

Nikakirudia Kitabu changu mwenyewe. Katika Wafalme wa Pili, sura ya 5, kuna habari ya Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Alifika Israeli na farasi na magari yake, na nabii Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mtu amwambie akajichovye mara saba katika Yordani. Naamani akakasirika. Alikuwa na mito ya kwao Dameski, Abana na Farpari, na machoni pake ilikuwa mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Akageuka aondoke.

Tangu utotoni nilihubiriwa kwamba kosa la Naamani lilikuwa kiburi. Baada ya Malindi nilimsoma upya, nikamwona mgeni. Amesafiri mbali, ana matumaini, ana fedha, ameonyeshwa mto usiopendeza, akaulinganisha na anaoujua. Pengine alisema kweli. Mto unaodhaniwa kuwa Abana, ambao leo huitwa Barada, hushuka kutoka milimani, na Yordani hujaa tope wakati wa mafuriko. Jicho lake halikudanganya juu ya rangi. Lilishindwa tu kumwambia ni maji gani yatamponya, maana hilo halimo katika uwezo wa jicho.

Na tazama ni nani waliomwokoa. Wa kwanza ni kijakazi, msichana aliyetekwa Israeli, aliyemtajia bibi yake habari za nabii. Wa mwisho ni watumishi wake, waliomsogelea akiwa amefura kwa hasira, wakamwita baba, wakamsihi ajaribu. Watu wa chini walisema. Wangeweza kumwacha bwana wao arudi nyumbani na ukoma wake na heshima yake, na hakuna ambaye angewalaumu. Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na kila ninapofika kwa watumishi wale ninajiona nikipita na taulo begani.

Hapa ndipo ninaposimama mimi katika swali la usafi na jicho. Mgeni anathamini anachokiona na ana haki ya kufanya hivyo. Nyota zake tano ni shukrani ya kweli kwa kitu alichokiona kweli. Deni liko kwa mwenyeji anayejua. Kadiri maji yanavyoonekana safi, ndivyo deni lake linavyokuwa kubwa, kwa sababu mgeni hana namna nyingine ya kushtuka. Maji yanayonuka yanamwonya mtu yenyewe. Maji maangavu yanamhitaji mtu wa kuyasemea.

Nchi nyingine zimejaribu kulipa deni hili kwa tarakimu. Ufaransa walianza mwaka 1985 na mpango wa bendera ya buluu ufuoni, ukaenea Ulaya, na mwaka 2001 ukafika Afrika Kusini. Ufuo hauruhusiwi kupandisha bendera hiyo mpaka maji yake yapimwe mara kwa mara: bakteria wa E. koli wasizidi 250 katika mililita 100, na enterokoki wasizidi 100. Mililita 100 ni kama nusu kikombe cha chai. Bakteria hao huoteshwa maabara muda wa siku nzima ndipo waonekane na kuhesabika, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kutazama na kujua: siku nzima ya kungoja. Sisi Kenya tulitunga kanuni za ubora wa maji mwaka 2006, na maji ya kuogelea yalikuwamo. Kanuni hazijakosekana.

Shemeji yangu naye ana haki yake, sitaki nimdhulumu. Tope si jambo la kupuuzwa kwa sababu tu linatoharisha. Matumbawe yanahitaji mwanga, na udongo ukiyafunika yanakosa pumzi. Bakteria hujificha kwenye punje za udongo mahali jua haliwezi kuwaua. Na udongo ule una mwenyewe. Ule wa Malindi si wa Embu, ni wa Sabaki. Wetu unashuka kwa Ena na Thuci, unaingia Tana, na Tana humwaga Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Udongo uliochafua kanzu za wale saba ulitoka kwenye shamba fulani la jirani ambalo halina matuta wala mabingobingo ukingoni. Labda ni shamba langu. Mvuvi wa Kipini hanijui, wala mimi simjui, lakini kila Aprili tunapelekeana kitu.

Na si udongo peke yake. Mwezi wa Novemba, nilipokuwa nikipita kijitoni, nilimkuta kijana wa hapa kijijini akisuuza pampu yake ya mgongoni. Alikuwa ametoka kunyunyizia dawa muguka, yale majani ya kutafuna. Alijaza pampu, akatikisa, akamwaga; maji yakawa meupe kama ya wali, kisha kabla sijamaliza kumsalimu yakawa maangavu kabisa. Hatua arobaini chini yake mama mmoja alikuwa akichota kwa mtungi wa lita 20. Aliyatazama maji kwanza, kama tunavyofanya sote, akaona ni mazuri, akachota.

Kijana yule ni mtu mwema, nimemjua tangu akibebwa mgongoni. Nilisikia moyo ukinienda mbio kama siku ile ya kijani. Kisha nikasema. Nilimwita mama amwage mtungi wake, nikamwambia kijana kwa nini, mbele yake. Aliona haya, akasema, "Lakini mzee, si umeona maji yamesafika?" Nikamjibu kuwa nimeona, na ndiyo sababu nimesema. Tangu hapo anasuuzia pampu shambani, juu, mbali na maji. Wengine bado wanasuuzia mtoni. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuupiga marufuku muguka wetu, Embu nzima ilighadhabika, na riziki ya mtu si mchezo. Sijasikia ghadhabu kama ile kwa ajili ya kinachoshuka na mto.

Basi ombi langu kwa wenye hoteli za pwani ni dogo. Ubao wa kuandikia saa za kujaa na kupwa mnao. Ongezeni mstari mmoja: maji haya yalipimwa lini, na yalipatikana na nini. Mtunza bwawa mpeni ruhusa auandike, na siku tarakimu ikiwa mbaya msimfute kazi. Nawe msomaji unayekwenda pwani Disemba hii, kabla ya kulipia chumba, uliza maji taka ya hoteli yanakwenda wapi, na ungoje mpaka ujibiwe.